Farasi Hafunzwi kwa Haraka: Darsa Niliyoipata Ukingoni mwa Nile



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ndugu zangu wasomaji, katika toleo hili nimeombwa niandike darsa kuhusu upole. Nia yangu ilikuwa kukusanya aya na hadithi kama ilivyo ada. Baadaye nikaona afadhali nianze na kisa kilichonipata mwenyewe, kwa sababu ndicho kilichonifanya nizielewe hadithi nilizozihifadhi tangu nikiwa mtoto wa chuoni.

Mimi ni mwenyeji wa Lamu, na niko mwaka wa tatu wa ualimu hapa Chuo Kikuu cha Kiislamu, Mbale. Likizo ndefu iliyopita sikuwa na nauli ya kwenda pwani na kurudi. Ndugu mmoja tuliyezoeana msikitini akanitafutia kazi ya wiki sita Jinja, katika zizi la farasi si mbali na mto Nile, ambako wageni hupandishwa farasi na kutembezwa vijijini. Nilikubali upesi. Mtu wa Lamu na wanyama wa kupanda! Kwetu mitaa ni myembamba na magari ni ya kuhesabu. Mawe, mchanga na saruji vyote husafiri juu ya mgongo wa punda. Nimekua nikitembea nyuma ya punda wa babu, fimbo mkononi. Nilijiona fundi kabla sijafika.

Mzee wa zizi, Msoga mwenye mvi chache na maneno machache, aliniuliza swali moja siku ya kwanza: "Kijana, punda wenu akikataa kwenda, wewe hufanya nini?"

"Nampiga, mzee," nikajibu bila kusita.

Akanitazama kidogo, akanipa ufagio. "Basi utaanza na huu."

Kulikuwa na farasi jike mchanga, rangi ya kahawia, wakimwita Mirembe, yaani amani. Alikuwa na umri wa miaka mitatu na miezi kadhaa na hajawahi kupandwa na mtu. Kazi ya wiki zile sita ilikuwa kumwandaa akubali mpandaji. Mimi niliwekwa niwe msaidizi, na moyoni nilikwisha jipangia: kabla sijarudi Mbale, mtu wa kwanza juu ya mgongo wa Mirembe ni mimi, na picha nitawatumia nyumbani.

Mgeni katika nchi hii

Kabla ya mafunzo yenyewe, tujiulize: kwa nini wengi wetu hapa mashariki mwa Uganda hatujawahi kumgusa farasi? Sababu kubwa ni wadudu. Mbung'o hueneza nagana, ugonjwa unaowamaliza farasi upesi. Busoga inamfahamu mdudu huyu vizuri, kwa kuwa kati ya mwaka 1900 na 1920 hivi malale, ugonjwa unaoletwa na huyo huyo mbung'o, uliua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 katika mwambao wa Ziwa Victoria na visiwa vyake. Kuna pia ugonjwa mwingine wa farasi barani Afrika, unaoenezwa na usubi, na ndiyo maana farasi wengi huingizwa bandani kabla ya jua kuzama. Kufuga farasi katika nchi hii ni kazi ya kuangalia kila siku.

Lakini elimu ya kumfunza mnyama si ngeni hata kidogo. Teso wamelima kwa maksai tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na Kapchorwa punda hupanda na kushuka milima na magunia ya mahindi. Kwa hiyo msomaji usiseme, "Mimi sina farasi." Hatua nitakazozitaja zinamfaa pia ndama wa kuingizwa nirani na mwanapunda wa kubebeshwa mzigo.

Funzo la kwanza: mjue kabla ya kumtumia

Siku tatu za kwanza mzee hakuniruhusu kumgusa Mirembe. Nilifagia, nikajaza maji, nikaketi nje ya uzio nikimtazama. Jioni ananiuliza: "Leo masikio yake yamekwambia nini?"

Farasi ni mnyama anayewindwa. Allah amemuumba akimbie kwanza, afikiri baadaye. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote, isipokuwa mahali pawili: mbele kabisa chini ya paji la uso, na nyuma kabisa ya mkia. Ukimjia kwa nyuma bila kutoa sauti, kwake wewe ni simba. Teke atakalokupiga si ujeuri.

Nilijifunza kusoma alama. Masikio yakielekea kwako, anakusikiliza. Yakilazwa nyuma na kubana, anakuonya. Kichwa kikiwa juu na weupe wa jicho ukionekana, ana hofu. Akishusha shingo, akapumua kwa kishindo puani na mdomo wa chini ukalegea, hofu inamtoka. Hapo nikakumbuka methali yetu, kwamba asante ya punda ni mateke. Kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama aliyeitunga alipata kumuuliza punda.

Funzo la pili: gusa, kisha ondoka

Hatua ya kwanza ya mikono ilikuwa kumzoesha kamba ya kichwani na kuguswa mwili mzima. Mzee alinifundisha kanuni nyepesi ambayo mimi niliona ni ya kupoteza wakati: sogea hadi pale anapoanza kukakamaa, simama hapo hapo, ngoja alegee, kisha ondoka wewe kabla hajaondoka yeye. Halafu rudi, na safari hii utafika mbele kidogo.

Tulianza begani, mahali ambapo farasi wenyewe hukwangurana kwa meno wakipendana. Kutoka bega tukaenda shingoni, mgongoni, tumboni, miguuni, masikioni mwisho. Kila tulilolifanya upande wa kushoto tulilirudia upande wa kulia kana kwamba ni farasi mwingine, kwa sababu kitu alichokizoea kwa jicho moja anaweza kukishtukia akikiona kwa jicho la pili. Baada ya mikono tulitumia gunia laini, likimpapasa mgongoni na kuondoka, kisha likatupwa taratibu juu yake. Kila kipindi kilikuwa cha dakika 15 hadi 20, tena kiliishia kwenye jambo aliloliweza, wala si kwenye jambo lililomshinda.

Funzo la tatu: malipo ni kuacha

Hili ndilo lililonifungua macho kama mwalimu mtarajiwa. Nilidhani mnyama hufunzwa kwa kuvutwa. Mzee akanionyesha kwamba hufunzwa kwa kuachiwa. Unataka apige hatua mbele: unaikaza kamba kidogo tu, unangoja. Pengine atarudi nyuma, pengine atageuza shingo. Wewe huzidishi wala hulegezi. Mara tu unyayo mmoja ukisogea mbele, hata kwa inchi mbili, kamba inalegea papo hapo. Ule ulegevu ndio unaomwambia, "Ndiyo, hilo ndilo jibu."

Ukichelewa kulegeza kwa sekunde chache, umemfundisha jambo jingine. Na ukiendelea kuvuta baada ya yeye kutii, umemfundisha kwamba kutii hakuna faida. Ndugu zangu, ni watoto wangapi madarasani tumewafundisha hivyo? Anasoma vizuri, tunanyamaza; anakosea herufi moja, tunapaza sauti.

Kwa njia hiyo hiyo Mirembe alijifunza kugeuka kulia na kushoto, kusimama na kurudi nyuma, kwanza akiongozwa mbele, baadaye kwa kamba mbili ndefu huku mtu akitembea nyuma yake kwa mbali, upande kidogo ili amwone. Akaanza kutoka nje ya zizi, kupita kwenye bodaboda, mbuzi na watoto wanaopiga kelele, kabla hajabeba chochote. Aliyejua kusimama akiwa hana mtu mgongoni atajua kusimama akiwa naye.

Lijamu ilikuja taratibu. Kwanza alikaguliwa meno na daktari wa mifugo, kwa kuwa farasi mwenye jino linalouma hukataa chuma mdomoni na sisi tukamwita mkaidi. Kisha ile lijamu ilipakwa sukari guru kidogo, akaimung'unya mwenyewe bila kulazimishwa.

Funzo la nne: kosa langu

Wiki ya nne ilipofika, nilihesabu siku nikaona hazitoshi. Gunia tulikwisha maliza, tandiko jepesi alikwisha liona, akalinusa, akawekewa mgongoni na kuondolewa mara nyingi. Lililobaki ni mkanda wa tumboni. Mzee alikuwa anaukaza tundu moja, anamtembeza, anaulegeza, na siku hiyo basi. Kesho yake tundu la pili. Mimi niliona hii ni michezo.

Asubuhi moja mzee alikwenda mjini. Nikamtoa Mirembe peke yangu, nikamwekea tandiko, nikaukaza mkanda matundu matatu kwa mkupuo, kama ninavyofunga shogi la punda. Alisimama kimya kabisa. Nilifurahi. Leo najua ule haukuwa utulivu. Alikuwa ameacha kupumua. Alipopiga hatua ya kwanza na kuhisi kitu kimemshika kifuani asichoweza kukikimbia, alilipuka. Kamba iliniteleza ikaniunguza kiganja. Aliruka akikunja mgongo, tandiko likampindukia tumboni, likawa linampiga miguu, na kila likimpiga alizidi. Alivunja uzio na kuchanika mguu wa nyuma.

Tulimpata kwenye migomba ya jirani, ametota jasho, anatetemeka. Mzee aliporudi hakunigombeza. Aliusafisha mguu, akaufunga, akaniambia: "Kijana, umemwambia uongo. Sisi tumemwambia siku 25 kwamba vitu tunavyomwekea havitamdhuru. Wewe umemwambia kwa dakika moja kwamba vinadhuru. Sasa atamwamini nani?"

Laiti angenitukana. Siku nne Mirembe hakunikubali hata nimkaribie. Nikisimama mlangoni, anakwenda pembe ya mbali na kunigeuzia mgongo. Jambo hilo halikuwa dogo. Farasi anayepandwa na wageni asiyeaminika hana kazi, na farasi asiye na kazi hula hasara. Kwa haraka yangu nilikaribia kumharibia maisha yake yote. Tulirudi kwenye gunia. Tulirudi kwenye bega. Mimi nilirudi kwenye kiti changu nje ya uzio, na jioni moja ndipo alipokuja mwenyewe, akaninusa bega, akaenda zake.

Funzo la tano: uzito na umri

Katika siku zile za kungoja, mzee alinieleza jambo ambalo lingeniokoa na tamaa yangu tangu mwanzo. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko lake asizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Mirembe alikuwa na kilo 380 hivi. Fanya hesabu: ni kilo 76, na hapo tunasema farasi aliyekomaa. Mimi peke yangu, bila tandiko, nina kilo 84.

Tena umri una hukumu yake. Mifupa ya farasi haikomai yote pamoja. Ya miguu hutangulia, na ya uti wa mgongo huchelewa hadi baada ya mwaka wa tano. Kwa hiyo farasi wa miaka mitatu au minne hupandwa na mtu mwepesi, kwa muda mfupi, kwa mwendo wa kutembea zaidi, kisha huachiwa miezi ya kupumzika na kukua. Anayemharakisha akiwa na miaka miwili anaweza kumkuta kilema akiwa na miaka kumi.

Siku ilipofika, aliyepanda ni binti mmoja wa pale pale zizini, mwembamba, mpole wa mikono. Mimi nilishika kamba. Siku ya kwanza aliruka-ruka tu pembeni mwake, akisimama juu ya ndoo ili Mirembe amwone kwa juu. Siku ya pili aliegemeza kifua juu ya tandiko, akahesabu hadi kumi, akashuka. Siku ya tatu alifanya hivyo pande zote mbili, nami nikamwongoza Mirembe hatua chache. Siku ya nne aliweka unyayo kwenye kikuku, akapitisha mguu taratibu bila kumgonga mgongoni, akaketi kama anayeketi juu ya yai. Mirembe aligeuza sikio moja nyuma kumsikiliza. Akashusha shingo. Akapumua. Tukatembea mzunguko mmoja, akashuka. Basi, ndilo jambo lote. Sikupiga picha, mikono yangu ilikuwa na kazi.

Tulichosoma na tulichosahau

Ndugu zangu, yote haya tulikwisha fundishwa. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Bi Aisha (R.A.) alipanda ngamia aliyekuwa mgumu, akawa anamsukasuka huku na huku, na Mtume (S.A.W.) akamtaka ashikamane na upole. Abu Dawud amepokea kisa cha ngamia aliyelia mbele ya Mtume (S.A.W.) katika shamba la Answari mmoja, Mtume akampangusa nyuma ya masikio hadi akatulia, kisha akamkumbusha mwenyewe amche Allah juu ya mnyama yule anayemshindisha njaa na kumchosha. Tazameni mpangilio: kwanza alimtuliza mnyama kwa mkono, ndipo akamgeukia mwanadamu kwa maneno.

Na katika Bukhari tunasoma kwamba usiku watu wa Madina walipopatwa na hofu, Mtume (S.A.W.) alitoka kabla yao akiwa juu ya farasi wa Abu Talha asiyekuwa na tandiko, farasi aliyejulikana kwa uzito wa mwendo, naye akarudi akimsifu kwa wepesi wake. Maulamaa wetu waliandika vitabu vizima katika elimu hii ya furusiyya, na Ibn al-Qayyim ni mmoja wao. Dua ya kupanda chombo, ambayo asili yake imo katika Suratuz-Zukhruf, sisi huisoma kwenye basi la Mbale kwenda Kampala bila kufikiri. Maana yake ni kukiri kwamba kile tunachokipanda tusingekiweza sisi wenyewe lau si Allah aliyekitiisha. Aliyepata kusimama mbele ya farasi aliyelipuka anaielewa dua ile kwa mwili wake wote.

Nilirudi Lamu kwa Idd. Punda wa babu alikuwa amefungwa uani, mzee sasa. Nilisimama karibu naye nikainua mkono kujikuna kichwa. Akafumba macho na kukaza shingo, akingoja fimbo. Sikuwa nimeshika kitu. Nilikwisha kuiona shingo ile ya Mirembe siku aliyonikimbia, lakini huyu alikuwa amekazwa hivyo kwa miaka, na aliyemkaza ni mimi.

Punda haombwi msamaha kwa maneno. Nilibaki nyumbani siku tisa, na kila baada ya Alasiri nilikwenda uani: bega, halafu kuondoka, bega, halafu kuondoka. Siku ya tisa niliinua mkono, naye alifumba jicho moja tu. Nimemwachia mdogo wangu aendelee, na fimbo nimeivunja mbele yake.

Mwezi ujao tunakwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za hapa Mbale na wilaya za jirani. Sheria ya watoto ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2016, imekataza adhabu ya viboko shuleni. Lakini tunajua fimbo bado zimo makabatini. Kila mmoja wetu atazame, siku ya kwanza darasani, anapoinua mkono kuandika ubaoni: ni watoto wangapi wanafumba macho?

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Taja jambo moja ulilomfundisha mtu mdogo kwako kwa hofu. Amejifunza nini hasa?

2. Kanuni ya kulegeza kamba mara tu mnyama anapotii inatumikaje nyumbani, darasani na katika uongozi wa jumuiya yetu?

3. Kwa nini ukimya wa Mirembe baada ya kukazwa mkanda haukuwa utulivu? Tunawezaje kutofautisha ukimya wa hofu na ukimya wa amani kwa wale tulio na mamlaka juu yao?

4. Anayemtwisha mnyama mzigo unaozidi uwezo wake anakosea wapi kidini? Linganisheni na bodaboda, maksai na punda mnaowaona njiani.

Allah atujaalie upole katika mikono yetu na ndimi zetu, na atusamehe tuliyoyafanya kwa viumbe Vyake tukiwa hatujui na tukiwa tunajua. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.